Saini ya mbia mmoja huwabana wote

MFANYABIASHARA wa Ngokolo, mjini Shinyanga, aliyetoa Sh20 milioni ili afungue duara la dhahabu huko Geita pamoja na mwenzake, anaweza kudhani kwamba mambo yakiharibika atapoteza hizo Sh20 milioni tu.

Kwa sheria za Tanzania Bara, hapo amekosea. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inautambua ubia kuwa ni uhusiano wa watu wanaofanya biashara pamoja kwa lengo la kupata faida. Makubaliano ya mdomo yanatosha. Hata cheti cha jina la biashara kutoka Brela hakiufanyi ubia kuwa na nafsi yake kisheria, kama ilivyo kwa kampuni.

Matokeo yake ni mazito. Kila mbia ni wakala wa wenzake katika shughuli za kawaida za biashara hiyo. Tuseme msimamizi wa duara amekopa dizeli na mbao za kushikilia kuta za shimo, deni likafika Sh50 milioni. Mkataba huo ni halali, ingawa mwenzake wa Ngokolo hakuiona karatasi. Mwanya ukikosa dhahabu, nyumba na duka lake vinaweza kuguswa.

Je, kama walikubaliana msimamizi asikope zaidi ya Sh5 milioni? Sharti hilo linamzuia muuzaji aliyelifahamu tu. Asiyelijua, haki yake iko palepale. Msimamizi akinunua gari la harusi kwa jina la ubia, hilo ni jambo jingine: liko nje ya biashara ya uchimbaji, na haliwabani wenzake mpaka waliridhie.

Uingereza tangu mwaka 1907, Uganda mwaka 2010 na Kenya mwaka 2012 ziliweka sheria za ubia wenye ukomo, ambamo mtoa mtaji hapotezi zaidi ya alichochangia. Kinga hiyo ina bei yake: ubia lazima usajiliwe hivyo, naye hana mamlaka ya kuufunga kwa mkataba. Akianza kuendesha shughuli, anabeba madeni kama wengine. Sura ya 345 haina ngazi hiyo.

Anayetaka kubaki mkopeshaji aandikishe mkopo, na asitoe amri shimoni. Kulipwa sehemu ya faida pekee hakumfanyi mtu kuwa mbia.

Anayechagua ubia katika leseni ndogo ya uchimbaji akumbuke Sheria ya Madini ya mwaka 2010: wabia wote lazima wawe raia wa Tanzania.