Kisima cha Nyalenda na Hoja za Wanafunzi

Tangu Kenya ianze kutekeleza mtaala wa umilisi mwaka 2019, wazazi wengi wameujua kupitia gharama za miradi: gundi, maboksi na karatasi za manila zinazosakwa usiku. Si ajabu wengine wanaona utafiti wa makundi darasani kuwa mchezo. Ila kasoro hiyo hutokana na swali lililotolewa. Mwanafunzi akiagizwa kutengeneza kitu, mzazi anaweza kumtengenezea. Akiulizwa jambo ambalo jibu lake halimo kitabuni, itambidi atoke, atazame, afikiri.

Nyalenda, mtaa wa Kisumu ulio karibu na ufuo wa Dunga, una maswali ya aina hiyo tele. Maji ya ardhini yako karibu, visima ni vifupi, na vyoo vya shimo haviko mbali. Kampuni ya maji ya KIWASCO huwauzia wasimamizi wa mtaani maji ya bomba kwa jumla, nao huyafikisha kwa wakazi. Mbona basi wapo wanaoendelea kuchota kisimani? Kundi la Gredi ya 7 likipewa swali hili, mmoja atapima hatua kutoka kisimani hadi chooni, wa pili ataulizia bei ya mtungi wa lita 20, wa tatu atahesabu wachotaji. Hesabu zao zisipoafikiana, hapo ndipo fikra tunduizi inapoanza: nani alihesabu siku ya mvua? Maji hayo ni ya kunywa au ya kufulia? Wakisimama mbele ya darasa hawakariri, wanatetea walichokiona, na swali gumu la mwenzao huwarudisha kwenye daftari.

Watapinga wengine kwamba kundini mmoja hufanya kazi na wanne hupumzika. Ni kweli, na dawa yake inajulikana. Mwaka 1971, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake huko Austin, Marekani, walimpa kila mwanafunzi sehemu ya somo ambayo wenzake hawakuwa nayo, hivyo kila mmoja akawa wa kusikilizwa. Robert Slavin, aliyechunguza tafiti nyingi za kujifunza kwa makundi, alisisitiza vilevile kwamba kundi hufaulu pale kila mwanachama anapowajibika. Na anayehofia mtihani akumbuke kuwa asilimia 20 ya matokeo ya Gredi ya 9 hutoka kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Darasa likiwa na watoto wengi, makundi machache yawasilishe kila wiki. Gharama ni daftari tu, na mwalimu atakayemwita yeyote kundini aeleze, hasa aliyenyamaza.