Larry Cohen, mwandishi aliyegeuza New York kuwa studio

Larry Cohen alikuwa mwandishi, mwongozaji na mtayarishaji wa Marekani aliyetengeneza filamu za kutisha, za majambazi na za mazimwi kwa fedha kidogo. Nyingi alizipiga katika mitaa ya New York, jiji alikozaliwa mwaka 1936. Filamu za aina hii hupata watazamaji wengi na heshima kidogo. Zake zimedumu kwa kuwa zilianzia kwenye wazo zito, na wazo ndicho kitu pekee katika sinema ambacho maskini na tajiri hukipata kwa bei moja.

Kazi ya uandishi ndiyo iliyomlea. Alisoma City College ya New York, akauza muswada wake wa kwanza wa televisheni mwaka 1958, kisha akabuni tamthilia za mfululizo zikiwemo Branded (1965) na The Invaders (1967), hii ya pili ikihusu viumbe wa sayari nyingine waliojificha katika sura za binadamu. Pato lilikuwa la kuridhisha, lakini mwandishi wa televisheni hana kauli ya mwisho juu ya alichokiandika. Cohen akaamua kuongoza mwenyewe. Filamu yake ya kwanza, Bone (1972), aliipigia nyumbani kwake, akaepuka gharama ya kukodi jumba.

Mwaka uliofuata ilitoka Black Caesar, hadithi ya kijana mng'arisha viatu wa Harlem anayepanda hadi kuwa bosi wa majambazi. Kuna onyesho ambamo mwigizaji Fred Williamson, akiwa amepigwa risasi, anapepesuka katikati ya umati wa Manhattan huku damu ikimtoka. Wapita njia wanaogeuka kumkodolea macho si waigizaji. Ni watu waliokuwa kwenye shughuli zao, na hofu iliyo nyusoni mwao ni ya kweli. Filamu ilipopata soko, wasambazaji walitaka mwendelezo haraka. Williamson alikuwa akiigiza filamu nyingine, akawa na nafasi mwishoni mwa wiki tu. Basi Hell Up in Harlem ikapigwa siku hizo, na katikati ya wiki Cohen akiendelea na It's Alive.

It's Alive (1974) ndiyo iliyomjengea jina. Mtoto anazaliwa zimwi, anaua madaktari na wauguzi katika chumba cha kujifungulia na kutoroka. Kiumbe chenyewe, kazi ya Rick Baker, huonekana kwa nadra na kwa kufumba na kufumbua, kwa sababu sanamu ya bei nafuu ikikaa mbele ya kamera huumbuka. Muda uliobaki Cohen aliujaza na baba wa mtoto: anaanza kwa kumkana mwanawe na kushiriki kumwinda, anaishia kumkumbatia na kumtetea. Hapo ndipo nguvu yote ya filamu ilipo, na haikuhitaji hila yoyote ya kiufundi. Muziki ulitungwa na Bernard Herrmann, yule aliyetunga muziki wa filamu ya Psycho. Kampuni ya Warner Bros. haikuipigia debe sana mwanzoni. Ilipoirudisha sinemani mwaka 1977 kwa tangazo jipya, lenye kitanda cha kichanga na mkono wa makucha, watu walifurika.

Cohen mara nyingi alipiga picha mitaani bila kibali. Kwa God Told Me To (1976) alimvalisha mchekeshaji Andy Kaufman sare za polisi na kumwingiza kwenye gwaride halisi la Siku ya Mtakatifu Patrick, katikati ya polisi wenyewe. Ujasiri huo ulileta picha ambazo studio kubwa isingeweza kuzipanga, lakini ni lazima isemwe kwamba uliwatia hofu watu wasiojua kinachoendelea. Mwaka 1982, alipofukuzwa kwenye filamu nyingine, alianza Q baada ya siku chache tu: nyoka mwenye mabawa, mungu wa Waazteki, ametaga juu ya jengo la Chrysler. Waigizaji walipofyatua bunduki kule kileleni, ingawa risasi zilikuwa za baruti tupu, mlio ulifika hadi mtaani na kuzua taharuki. Hata hivyo anayeibeba filamu ni Michael Moriarty, anayeigiza mwizi mwoga anayejua kiota kilipo na anayeuuzia mji siri hiyo.

The Stuff (1985) iliushambulia ulaji wa kupindukia kupitia kitindamlo kinachomla anayekila. Baadaye Cohen aliuza zaidi miswada, ikiwemo Maniac Cop (1988), iliyoongozwa na William Lustig.

Wazo la filamu ya Phone Booth Cohen alilizungumza na mwongozaji Alfred Hitchcock miaka ya 1960, lakini hawakupata sababu ya kumfanya mtu asitoke kwenye kibanda cha simu. Jibu lilikuja miongo kadhaa baadaye: mdunguaji anamlenga kutoka dirishani. Joel Schumacher aliiongoza, Colin Farrell akaigiza, na mwaka 2003 ikaingiza mapato ambayo filamu alizoongoza Cohen mwenyewe hazikuyakaribia. Mwaka 2004 ilifuata Cellular, iliyotokana na hadithi yake.

Cohen alifariki Machi 2019. Miaka miwili kabla, filamu ya hali halisi King Cohen iliwakusanya Williamson, Moriarty na mwongozaji Martin Scorsese kusimulia kazi yake.