Kwa nini kanzidata ya umma haipaswi kukaa katika jengo moja

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Mkazi wa Mabatini jijini Mwanza hahitaji kuelezwa maana ya mafuriko. Mvua zikizidi, Mto Mirongo unaopita katika makazi kuelekea Ziwa Victoria hufurika, na maji huingia katika nyumba na maduka ya bondeni. Kinachopotea huonekana kwa macho: godoro, magunia ya nafaka, daftari la madeni la mwenye duka.

Kumbukumbu za umma nazo zimetoka kwenye madaftari. Ankara ya maji inayolipwa kwa kumbukumbu namba, leseni ya biashara na kitambulisho cha Taifa vyote hutegemea kanzidata, yaani ghala la taarifa lililomo ndani ya seva. Hata hivyo, seva ni kifaa kilichowekwa katika chumba fulani, na huweza kulowa au kuungua sawasawa na kabati la majalada.

Septemba 26, 2025, moto uliohusisha betri za lithiamu ulizuka katika kituo cha data cha Serikali mjini Daejeon, Korea Kusini. Mifumo 709 ya Serikali ilisimama. Hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma, yenye takriban terabaiti 858, iliteketea bila kuwa na nakala mahali pengine. Ilidaiwa kuwa ni kubwa mno kurudufishwa. Sababu hiyo ni dhaifu, kwa kuwa kadiri ghala linavyokuwa kubwa ndivyo hasara yake inavyokuwa nzito.

Kinga inayotumika ni kuunganisha seva kadhaa zilizo katika majengo tofauti zifanye kazi kama kanzidata moja. Moja huwa kiongozi. Malipo yanapoingia, kiongozi huyaandika, huzipelekea nyingine, na huyathibitisha pale tu seva zilizo nyingi zinapokuwa zimeyapokea. Zikiwa tatu, mbili zinatosha. Jengo moja likizimika, huduma inaendelea.

Wengi huuliza kwa nini zisiwe mbili ili kupunguza gharama. Tuseme waya wa faiba kati ya majengo mawili umekatwa na mchimba mtaro. Kila seva itadhani mwenzake amekufa, na zote zitaendelea kupokea maombi. Hapo kiwanja kimoja chaweza kuandikishwa kwa watu wawili, kila mmoja akiwa na kumbukumbu halali. Seva ya tatu huondoa utata huo: upande wenye wawili huendelea, ulio peke yake hunyamaza. Ya tatu yaweza hata kuwa mashine ndogo, kazi yake ikiwa kupiga kura tu.

Majengo tofauti pia yasiwe ya jina tu. Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya la pili. Kwa kuwa majengo yote manne yalikuwa katika kiwanja kimoja, umeme ulikatwa kote. Kwa Mwanza, seva mbili zilizo kando ya Mirongo, hata katika mitaa miwili, zinakabiliwa na maji yaleyale.

Umbali nao una gharama yake. Mwanga husafiri ndani ya faiba takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi kilomita 20 hakufiki hata theluthi moja ya milisekunde. Kwa kilomita 1,000 ni milisekunde 10 au zaidi, na kila malipo hungoja muda huo. Ndiyo maana nakala za karibu husubiriwa, ilhali ya mbali huachwa ifuate kwa kuchelewa kidogo. Nakala hiyo ya mbali ni ya lazima: tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilisikika hadi Mwanza, na tukio la aina hiyo haliheshimu mipaka ya mitaa.

Jambo moja husahaulika. Mtumishi akifuta rekodi kimakosa, seva zote huifuta papo hapo. Kwa hiyo bado inahitajika nakala iliyotengwa na mtandao, ambayo hujaribiwa kwa kurejeshwa mara kwa mara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zinazotunza taarifa za watu kuzikinga zisipotee.

Kwa upande wa mwananchi, ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala usifutwe mapema. Mfumo unaporejeshwa kutoka nakala iliyochelewa, malipo ya dakika za mwisho hutafutwa kwa namba hiyo.