Yale tuliyojifunza baada ya kufunga paneli za jua Kindu

Wageni wanaofika kwetu hapa Mikelenge, mjini Kindu, hutazama juu ya bati na kuuliza swali moja: paneli hizo mlinunua bei gani? Hakuna anayeuliza habari za betri. Hata sisi hatukuuliza, na ndiyo maana tunawaandikia.

Tulifunga mwezi wa kumi: paneli mbili za wati 150, betri moja ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200, kidhibiti cha chaji na inveta. Jioni ya kwanza watoto walipiga vigelegele. Kufikia Noeli, wanafunzi kumi na wawili wa mtaa walikuwa wanakuja kusoma sebuleni kila usiku, maana walikuwa wanajiandaa kwa Mtihani wa Taifa. Majirani wakaleta simu. Kisha tukanunua friza ndogo ili mama wa nyumba auze maji ya baridi.

Mwezi wa tano, majuma matatu kabla ya mtihani, taa zilizimika saa mbili usiku. Kesho yake, saa moja na nusu. Betri ilikuwa imekufa ikiwa na umri wa miezi saba.

Fundi alipokuja tulitaka aseme tuliuziwa betri mbovu. Betri mbovu zipo: ya kweli ya ukubwa ule huwa na kilo 50 na zaidi, na ukiinyanyua peke yako bila shida, ujue umedanganywa. Yetu ilikuwa ya kweli. Basi akachukua kalamu.

Volti 12 mara ampea-saa 200 ni wati-saa 2,400, lakini betri ya asidi haitaki kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo tulikuwa na 1,200 tu za kutumia. Paneli zetu, kwa mawingu ya huku, hupata jua kamili la saa kama nne kwa siku. Ukitoa kinachopotea njiani, zinabaki wati-saa kama 900. Taa tano za wati 7 kwa saa tano ni 175. Televisheni ya wati 60 kwa saa nne ni 240. Simu ishirini ni karibu 300. Mpaka hapo tulikuwa salama. Friza peke yake ilikuwa inakula kama 1,000.

Tulidhani inveta italia ikiona hatari. Kumbe hulia betri ikikaribia volti 10.5, wakati nusu ya betri iliyopumzika ni kama volti 12.2. King'ora kinalia nyumba ikiwa imekwisha kuungua! Siku hizi tuna kipima volti kidogo ukutani.

Kosa la pili linatuaibisha zaidi. Maji ya betri yalipopungua, tuliongeza ya kisima. Maji ya kisima, kama ya Lualaba, yana madini yanayoharibu betri; yanatakiwa yale yaliyosafishwa kwa ajili ya betri. Tena kwa kuogopa wezi tuliiweka chumba cha kulala, na betri ya namna hii ikichajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayoweza kulipuka. Mpya iko kwenye korido, karibu na dirisha, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu na kufuli.

Juu ya bati mambo ni mepesi. Kindu iko karibu digrii 3 kusini mwa ikweta: mwezi wa sita jua hupita kaskazini, mwezi wa kumi na mbili kusini. Kuziinamisha sana hakusaidii. Digrii 10 zatosha mvua izioshe. Acheni nafasi ya kiganja kati ya paneli na bati ili hewa ipite, maana paneli inataka mwanga, haitaki joto. Tulikata pia tawi la mwembe, kwa sababu kivuli kidogo juu ya kona moja hupunguza umeme mwingi. Kiangazi tunafuta vumbi alfajiri, kioo kikiwa bado baridi.

Kilichokuwa kigumu ni simu. Utamwambiaje jirani arudi na simu yake? Mzee mmoja wa kanisa alitukumbusha wale wanawali wa Mathayo 25 waliokataa kugawa mafuta; wengine walisema huo ni uchoyo wa kujificha nyuma ya Biblia. Mwishowe tulikubaliana: simu zichajiwe kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, jua likiwa linatoa moja kwa moja, na mwenye uwezo atie franka katika kopo la betri ijayo. Wawili walikasirika, hawajarudi. Yuko pia mama ambaye mume wake yuko machimboni Kalima na hupiga simu usiku tu. Huyo hata akija saa tatu usiku hatumkatalii.

Wanafunzi walimaliza majuma yale kwa tochi. Tisa walifaulu. Watatu wanarudia mwaka huu na wamekaa mezani tunapoandika. Friza tuliiuza, ikalipa sehemu ya betri mpya. Kabla ya kufungua madaftari, mmoja wao husoma kipima volti kwa sauti. Leo amesoma 12.6.