Uvumilivu Usiwe Kitanzi cha Shingo

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Inasikitisha kuona methali hii njema ikigeuzwa fimbo katika uwanja wa raga, pale mwanafunzi alalamikaye shingo anapoambiwa avumilie kiume.

Hapa Kwale, ambako kandanda imetawala tangu zamani, raga nayo imepata wapenzi, na klabu ya South Coast Pirates ya Diani ni ushahidi wa hayo. Hilo ni la kupongezwa. Hata hivyo, walimu wanaowafundisha vijana mchezo huu hawana budi kujua gharama yake.

Shingo ya binadamu ina pingili 7. Baina ya nyingi kati ya hizo mna diski, yaani vijito laini vinavyopokea mishindo. Kadiri mtu azeekavyo, diski hupungua maji na kusinyaa, mifupa ikaota vijiba pembezoni. Kwa mchezaji wa raga, hususan wa safu ya mbele katika skramu, ambamo watu 8 husukumana na wengine 8, uchakavu huu aghalabu huja mapema. Utafiti uliochapishwa Afrika Kusini mwaka 1990 ulilibainisha jambo hilo. Mishipa ya fahamu ikibanwa, maumivu huteremka begani na mkono hufa ganzi.

Wasimamizi wa raga duniani hawakulipuuza. Mwaka 2013 walibadilisha utaratibu wa skramu, wakataka wachezaji wa mbele washikane kwanza ndipo wasukumane, ili kupunguza kishindo cha kugongana. Sheria hiyo yafaa iheshimiwe hata katika mazoezi ya shuleni.

Mama wa Msambweni hamtwiki bintiye mdogo ndoo iliyojaa pomoni. Humwanzishia kidogo, tena juu ya ngata. Mbona basi kijana asiyewahi kuimarisha misuli ya shingo asukumwe kwenye skramu dhidi ya mwenye umri na kimo kumzidi?

Mwalimu na awafunze wanafunzi kutofautisha maneno mawili: uchovu na ganzi. Uchovu huvumiliwa. Ganzi ni onyo, na mwenye nayo atoke uwanjani, aonwe na daktari, wala asiitwe mwoga. Wahenga hao hao walituachia methali ifaayo zaidi hapa: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na diski iliyochakaa hairudi kuwa kama ilivyokuwa.