Bustani ya Magurudumu: Mchicha wa Ughaibuni na Afya Yako

Leo naomba tuzungumze habari ya mboga za majani. Najua kuna watakaosema dada nesi ameishiwa mada, lakini subirini kidogo, maana humu ndani kuna mgongo wangu na mguu wa mzee wa watu.

Nianze na mgongo. Nilifundishwa kumgeuza na kumnyanyua mgonjwa nikiwa mwanafunzi Muhimbili, na nikafundishwa upya nilipofika huku Uingereza. Karibu miaka ishirini wodini sijaumia. Niliumia uani kwangu, mwezi Mei, nikibeba pipa lenye mche wa nyanya ili niliingize kwenye banda la kioo kabla ya usiku, kwa sababu utabiri ulisema umande utaganda. Pipa la lita 40 likishamwagiliwa maji linaweza kufika kilo 25 au zaidi. Nililala kitandani wiki mbili nikila dawa za maumivu, na mume wangu akanicheka kwanza ndipo akaenda dukani kununua vibao vyenye magurudumu, vile vya kuwekea vyungu vizito. Tangu siku hiyo bustani yangu yote inasukumwa, haibebwi. Kama huna vibao hivyo, tumia ndoo ndogo za lita 10, ujaze udongo usiozidi nguvu zako, na umwagilie baada ya kuihamisha, siyo kabla.

Kwa nini kuhamahama? Kwa sababu mchicha, bamia na pilipili ni mimea ya joto, na hali ya hewa ya huku mnaijua. Maeneo mengi ya katikati ya Uingereza umande unaweza kuganda mpaka mwishoni mwa Mei, na usiku mmoja tu unatosha kukuulia kila kitu. Kwa hiyo mimi husia mbegu ndani ya nyumba mwezi Aprili, karibu na dirisha. Mei ndoo zinakaa ndani ya banda la kioo, mchana nazitoa nje zizoee upepo, jioni nazirudisha. Juni zinabaki nje moja kwa moja, isipokuwa bamia ambayo haitaki kusikia habari ya nje. Septemba baridi ikianza, zinarudi ndani. Sukuma wiki ndiyo mvumilivu, hiyo iache nje hata Desemba.

Faida ya pili ni kwa sisi wapangaji. Huchimbi ua wa mwenye nyumba, na siku akikupa notisi unaondoka na shamba lako. Wala usidhani lazima uwe na banda kubwa. Kuna yale madogo ya plastiki yenye fremu ya vyuma na zipu mbele, hata kwenye veranda ya ghorofani linakaa. Lifunge tu vizuri, upepo wa huku hauna adabu.

Mbegu msibebe kwenye sanduku kutoka nyumbani. Mbegu za kupanda zinazoingia Uingereza kutoka nje zinahitaji cheti cha afya ya mimea, na wakizikuta bila cheti zitachukuliwa. Nendeni kwenye maduka ya Waasia au ya Wakaribi. Mchicha wanao, Wajamaika wanauita kalalu. Ndoo yenye kina cha sentimita 20 inatosha, ilimradi uitoboe matundu chini ili maji yatoke. Ukichuma majani ya juu na kuacha shina, unachipua tena. Tumia ndoo zilizokuwa na chakula, siyo za rangi wala dawa.

Sasa nivae kofia yangu ya unesi. Mboji ya mifuko inaweza kuwa na bakteria aina ya lejionela, ambao ukivuta vumbi lake wanaweza kuleta homa kali ya mapafu. Haitokei mara nyingi, ila ikimpata mtu mzima, mvutaji sigara au mwenye pumu ni shughuli. Fungua mfuko mahali penye hewa, siyo ndani ya banda milango imefungwa, geuza uso pembeni, usitimue vumbi, kisha nawa mikono kabla ya kula. Vaa glavu, na kama hukumbuki lini ulichanjwa pepopunda, muulize daktari wako. Ukikuta kopo la zamani la sumu ya konokono kwenye kibanda cha mwenye nyumba, usilitumie. Zile zenye metaldehaidi zilipigwa marufuku Uingereza mwaka 2022 kwa matumizi ya nje.

Halafu joto. Siku ya jua kali banda lililofungwa linaweza kupita nyuzi 40. Wewe unayemeza vidonge vya presha vya kukojoa, ukiinama humo nusu saa halafu ukainuka ghafla, unaweza kuzimia peke yako na ndoo zako. Fungua mlango asubuhi, ingia jioni. Na nisikie mtu akiniambia anakaa kwenye banda apate vitamini D! Kioo kinazuia ile miale inayotengeneza vitamini D mwilini. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaoishi huku tunashauriwa tufikirie kumeza maikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, na mchicha hauchukui nafasi ya kidonge hicho.

Sasa mguu wa mzee. Kuna mzee wetu mmoja, namheshimu sana, anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Majira ya baridi alikuwa anakula mkate, wali na kuku, na kipimo chake cha damu kilikuwa sawa kabisa. Kiangazi ndoo zake za mchicha zikakubali. Kwa furaha akawa anakula bakuli zima mchana na usiku. Kliniki hakuwaambia, maana kwake mboga si dawa. Baada ya wiki chache mguu ukavimba, ukawa wa moto. Damu ilikuwa imeganda mguuni. Tulimwahi, sasa yuko salama, lakini donge lile lingepanda mpaka kwenye mapafu leo tungekuwa tunasimulia mengine.

Sababu ni kwamba mchicha, sukuma wiki na majani ya maboga yana vitamini K nyingi, na vitamini K inapunguza nguvu ya warfarini. Na kinyume chake ni hatari vilevile: ukiwa umezoea mboga kila siku na dawa imepangwa kwa ulaji huo, halafu Oktoba mboga zikaisha, dawa inazidi nguvu na unaweza kuvuja damu. Sisemi uache mboga, na usithubutu kupunguza au kuongeza dawa mwenyewe. Kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, na waambie kliniki kabla ya msimu wa mavuno ili wakupime mapema. Wanaotumia dawa mpya zaidi za kuzuia damu kuganda kwa kawaida hawana tatizo hili la mboga, ila uliza yako ni ipi. Wenye ugonjwa wa figo nao wasianze bakuli kubwa kubwa bila kuongea na mtaalamu wa lishe, kwa ajili ya potasiamu.

Wa presha, jamani, ile tabia ya kutia magadi au baking soda ili mlenda ulainike ni kujiongezea sodiamu juu ya chumvi. Mboga changa ya kwenye ndoo yako hailazimu magadi, dakika chache inaiva. Tui la nazi ni tamu, lakini tusiogelee.

Jambo la mwisho ni mnavu. Najua mnaukosa, hata mimi naukosa. Lakini msichume mmea wa porini wala wa kando ya barabara huku kwa sababu tu majani yanafanana. Kuna mmea wa jamii hiyohiyo wenye matunda meusi yanayong'aa, na matunda yake machache yanaweza kumuua mtoto. Mtu akishakula kitu ambacho hamna uhakika nacho, msimpe maziwa wala kumtapisha. Kama ni mzima, pigeni 111. Akichanganyikiwa, akiona ukungu au akidondoka, pigeni 999, na chukueni tawi la mmea wenyewe muende nalo hospitali.