Baraza Ikigeuzwa Kuwa Chumba

Nyumba nyingi za mbao katika sehemu za baridi za Kenya, kama vile Limuru na Molo, zina baraza mbele. Jamaa wanapoongezeka, mwenye nyumba huifunga baraza hiyo ili apate chumba cha watoto. Ndipo ukuta wa zamani, uliozoea jua na mvua, unapokuwa ukuta wa ndani, naye hutaka kuufunika kwa mbao za jasi, ambazo mafundi huziita jipsamu, upate kuwa laini na kupakwa rangi.

Kazi hiyo ina faida. Jasi huziba nyufa zipitishazo upepo, na tena husaidia wakati wa hatari ya moto. Kiasi cha sehemu moja katika tano ya uzito wake ni maji yaliyofungamana nayo. Moto ukiupata ukuta, maji hayo hutoka kwanza kama mvuke, na mbao zilizo nyuma huchelewa kuwaka.

Lakini jasi ina adui, naye ni unyevu. Uso wake ni karatasi, na karatasi ikilowa huota kuvu. Kuvu iliyofichika nyuma ya rangi nzuri huharibu hewa ya chumba na huwazidishia taabu watoto wenye pumu. Mbao za zamani nazo huoza pasipo mtu kuona.

Kwa hiyo kazi huanza juu ya paa, wala si ukutani. Mabati yavujayo yazibwe, hasa pale paa la baraza linapokutana na nyumba. Kisha ingojewe mvua kubwa ipite ili kuona kama ukuta unabaki mkavu. Baada ya hapo kila ubao uchomwe kwa ncha ya bisibisi. Ulio laini umeoza, nao hapana budi ung'olewe. Mchwa wakionekana, wauawe kwanza. Rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu, kwa maana huenda ina risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto.

Haifai kukaza jasi moja kwa moja juu ya mbao za zamani. Mbao hizo hutanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na viungo vya jasi vitapasuka. Fundi mwema hutangulia kupigilia papi wima, na misumari yake hupenya mbao hata kufika katika nguzo za ukuta. Safu za misumari ya zamani humwonyesha nguzo zilipo. Palipobonyea huweka kabari, mpaka timazi ioneshe kwamba papi zote zimenyooka.

Ndipo mbao za jasi za futi 8 kwa futi 4 hukazwa kwa skrubu, vichwa vikizama kidogo bila kupasua karatasi. Viungo hufunikwa kwa utepe na jasi laini iliyokorogwa. Chini huachwa nafasi ya sentimita 1, ili ubao usinyonye maji ya kuoshea sakafu; nafasi hiyo hufichwa kwa ubao mwembamba wa pembeni.

Methali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mwenye kujenga ukuta mpya mbele ya ufa uvujao ameuficha tu, na siku moja atavunja kuta zote mbili.